Pungufu ya Mmoja

Sensa ya mwaka 2022 ilitupa namba ambayo mwalimu mzee kama mimi hawezi kuisoma na kuiacha hivi hivi. Tulikuwa watu 61,741,120: Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Nikiwa hapa Njombe, nilichukua kalamu.

Kwanza niliihakiki kwa njia ya tisa, niliyowafundisha wanachuo miaka mingi. Jumlisha tarakimu za Bara upate 42. Kisha 4 na 2 upate 6. Za Zanzibar ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Tarakimu za jumla kuu ni 22, yaani 4 vilevile. Hesabu zimepatana. Njia hii haigundui kila kosa, kwa mfano tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, lakini ni mlinzi mzuri wa mlangoni.

Kisha nikatafuta vigawo. Namba hiyo inagawanyika kwa 2 mara sita, halafu kwa 5, kwa 7 na kwa 43, na mwisho inabaki 641, namba tasa. Hapo nilitabasamu. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa inagawanyika, na kigawo alichokipata ni hicho hicho 641. Kukikuta katika hesabu ya Watanzania ni sadfa tupu, lakini sadfa nayo huburudisha.

Sasa, msomaji, mwondoe mtu mmoja tu. Inabaki 61,741,119. Namba imekuwa witiri, inagawanyika kwa 3, na vigawo vyote vya awali vimetoweka. Ndivyo ilivyo kwa namba zozote mbili zinazofuatana: kinachozigawanya zote mbili lazima kigawanye na tofauti yao, na tofauti yao ni 1.

Dada yangu mkubwa alihesabiwa nyumbani kwake Makambako, kwa kuwa alilala pale usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Matokeo yalipotangazwa tarehe 31 Oktoba, tulikuwa tumekwisha kumzika. Waombolezaji wengine walinifariji kwa kusema kwamba sote tu wapita njia, na mmoja katika mamilioni haonekani. Nia yao ilikuwa njema. Lakini hisabati haisemi hivyo. Katika namba ile dada yumo, na bila yeye isingegawanyika kwa 7, wala kwa 43, wala kwa 641.