Waya Haukufyatuka

Jumapili moja ya Julai mwaka 2021, wimbo wa matoleo ulinifia mkononi. Tulikuwa tumefika kwenye F, ile kodi inayomtaka mpiga gitaa alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na kuibana shingo ya gitaa kwa gumba kutoka nyuma. Gumba langu la kushoto likakataa. Maumivu yalipanda kutoka kwenye shina lake mpaka karibu na kiwiko, mkono ukafunguka wenyewe, gitaa likanyamaza. Kwaya haikusimama. Akina mama waliushika wimbo kwa makofi na ngoma, wakaufikisha altareni pamoja na vikapu vya mahindi na maharage. Mimi niliinama, nikalegeza waya mmoja kwa siri, kisha nikawaonyesha wenzangu.

"Waya umefyatuka," nilisema.

Uongo ule niliousema hatua chache kutoka altareni ulinisumbua kuliko mkono wenyewe, na ndio sababu ya kuandika haya.

Nilizaliwa mwaka 1956 katika kijiji kimoja cha Ufipa, na kabla ya kushika gitaa nilishika jembe. Wanaotufahamu wanajua ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Nadhani mikono yangu ilianza kuchakaa huko shambani, sio kanisani. Aliyenifundisha gitaa alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, akarudi kwa njia ya Mbala na gitaa begani. Alimpenda sana Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu yake. Mzee wangu alipiga hivyohivyo. Sisi vijana tulimcheka. Redioni tulikuwa tunamsikiliza Mbaraka Mwinshehe, na tulichotaka ni mwendo wa bendi, sio vidole viwili vya mzee wa migodini.

Basi, baada ya ile Jumapili nilijificha kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Kila kabla ya Misa nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki, ambavyo huku kwetu watu hununua dukani kama wanavyonunua pipi. Mkono ulitulia kwa saa mbili, tumbo likaanza kuwaka moto. Mji wetu wa Sumbawanga unasemwa kuwa jina lake lina maana ya "tupa uchawi", lakini hata hivyo wapo walioninong'oneza kwamba kuna mtu analionea wivu gitaa langu. Ndugu mwingine aliniombea kwa sauti kubwa, na mkono ulipobaki vilevile akaniambia kwamba nisipopona, basi kuna jambo nimelificha. Kuhusu mkono alikosea. Kuhusu kuficha alipatia kabisa, ingawa mwenyewe hakujua.

Ni tumbo lililonipeleka kwa daktari, sio busara. Alinizuia vidonge vile kwanza; alisema vikimezwa ovyo kwa muda mrefu hutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa sisi wazee. Kisha akanibonyeza shina la gumba nikaruka kitini. Akasema gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imesagika, na haitarudi kuwa mpya. Aliniuliza vidole hukakamaa asubuhi kwa muda gani. Nikamjibu, mpaka chai ichemke. Akasema kama ingekuwa saa nzima au zaidi, na viungo vya mikono yote miwili vimevimba na kuwa na joto, angeshuku ugonjwa mwingine, ule ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, na huo haufai kusubiriwa hata kidogo. Na kama gumba, shahada na kidole cha kati vingekufa ganzi usiku, angetazama mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Nayaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu. Sisi huku juu Ufipa, kwa sababu Juni na Julai hutuumiza kweli, kila kitu tunakiita baridi na kukaa nacho nyumbani.

Nilitoka kwa daktari na maagizo ya kawaida tu: maji ya uvuguvugu, kupumzika mara kwa mara, kutobana kitu kwa nguvu. Jinsi ya kupiga F bila kubana hakuniambia, maana yeye si mpiga gitaa.

Ilikuwa Oktoba 2022, Dominika ya 29 ya Mwaka C. Somo la kwanza lilikuwa la Musa juu ya kilima, wakati Yoshua akipigana na Waamaleki. Nimelisikia somo lile tangu utotoni, na siku zote nilimtazama Musa na fimbo yake. Siku hiyo niliwatazama Haruni na Huri. Wangejuaje kwamba mikono ya mzee imelemewa kama angewaficha? Musa hakuwaambia kwamba fimbo imeteleza. Alikubali jiwe likawekwa, akakaa, wenzake wakamshika mikono huku na huku hadi jua likachwa. Nilikuwa nimeketi na gitaa magotini, tumbo linaungua, na nilijisikia mdogo.

Alhamisi ile kwenye mazoezi niliwaeleza wanakwaya ukweli wote, na habari ya waya pia. Kimya. Kisha binti mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye tangu mwaka 2018 alikuwa akiniomba nimfundishe gitaa, nami nikimjibu kwamba nyuzi ni ghali, akasema:

"Babu, tulijua. Nilikuona ukiulegeza."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesemaje, Babu? Wewe ni mkubwa."

Miezi kumi na mitano niliyobeba peke yangu, kumbe kigango kizima kilikuwa kikinisubiri. Sina hakika kama niliwahi kuona haya kiasi kile, hata mbele ya Padre kwenye kitubio.

Sasa gitaa la kigango linashikwa na binti yule, na kodi ngumu zote ni zake. Mimi ninalo langu la zamani, nimelifunga nyuzi nyembamba na kulishusha nusu sauti ili zisikaze. Kapo inafanya kazi ya kidole cha shahada cha kushoto, kwa hiyo ninapiga zile kodi za wazi zisizohitaji kubana. Mkono wa kulia, vidole viwili tu vinanitosha, gumba na shahada. Mzee wa migodini alishazikwa zamani, ningependa anisikie.

Mkono bado unauma. Bado naomba upone, na sioni sababu ya kuacha kuomba. Asubuhi za baridi mke wangu ananiwekea maji ya moto kwenye beseni kabla ya kwenda kanisani, nami nakunjua vidole humo kimoja kimoja kama anayehesabu tasbihi.

Jumapili iliyopita binti aliikosa F mara mbili katika wimbo uleule wa matoleo. Nilimgeukia. Akainama kuelekea kwangu na kuninong'oneza, "Waya umefyatuka, Babu," na sauti zote za besi nyuma yetu zikashindwa kuimba kwa kicheko.