Na sisi wa vitunguu tunapiga gofu!

Haya jamani, kabla hujakimbilia ukurasa wa wanamuziki, kaa na mimi dakika kumi. Leo sina habari za mapenzi wala za nguo za mtumba. Leo ni gofu. Najua umeshaguna. Ukisikia gofu unamwona mzee mwenye kitambi, kofia nyeupe kichwani, gari limepaki kivulini, na nyuma yake kijana mwembamba kabeba mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe. Huyo mzee simjui. Huyo kijana mwembamba ndiye mimi.

Kwetu ni Malolo, wilaya ya Kilosa. Ukitoka Dar ukapita Morogoro, ukapita Mikumi ukiwachungulia tembo kwa dirisha la basi, ukateremka kwenye bonde la mibuyu, unafika Ruaha Mbuyuni. Pale wauza vitunguu wanakimbizana na madirisha ya mabasi. Basi na sisi Malolo tumo kwenye biashara hiyo. Maji ya Mto Mwega yanaingia mifereji, mifereji inaingia majaruba, na sisi tunaingia humo na majembe tangu utotoni. Uwanja wa gofu? Haupo, ndugu yangu. Wa karibu uko Morogoro mjini, chini ya milima ya Uluguru, na ni mwendo wa saa kadhaa kwa basi.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kusema "tunamshukuru Mungu", nikaenda Dar kwa mama mdogo kutafuta maisha. Jirani yake akanipeleka kwenye klabu moja, jina naliweka kiporo, nikaanza kazi ya kedi. Kedi ni yule mbeba mkoba. Anabeba fimbo, anatafuta mipira porini, anakaa kimya tajiri akikasirika. Siku ya Jumatatu uwanja ukiwa mtupu, makedi tunaruhusiwa kupiga na sisi. Hapo ndipo ugonjwa uliponiingia.

Sasa tuongee ukweli kuhusu kuinua kiwango. Vijana wote tukipewa fimbo tunataka kitu kimoja: kupiga mbali. Tunachukua ile fimbo kubwa, draiva, tunajinyonga kiuno, mpira unakwenda kwenye nyumba za watu, halafu tunacheka. Pale klabuni kulikuwa na kedi mkongwe, sisi vijana tunamwita Babu. Siku moja nimemwamkia, "Shikamoo Babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Una daftari?" Nikamwambia ninalo. "Basi andika kila pigo lako. Usiandike mbwembwe, andika mapigo."

Nikaandika. Jumatatu ile nilimaliza mashimo 18 kwa mapigo 98. Babu akachukua peni akayagawa. Mapigo 41 yalikuwa ya kusukuma mpira kwenye grini, yaani pale penye shimo. Mapigo 27 nilipiga nikiwa chini ya mita 90 kutoka kwenye shimo. Ya mbali yote, pamoja na mbwembwe za draiva, yalikuwa 30 tu! Hesabu ya mchezo wenyewe ndivyo ilivyo. Uwanja mwingi wa mashimo 18 una kipimo cha mapigo 72, na ndani yake yanahesabiwa mapigo mawili ya kusukuma kwa kila shimo. Ni 36, nusu ya mchezo mzima. Nusu ya gofu haihitaji misuli hata kidogo, inahitaji utulivu.

Mchezaji mmoja muungwana alinipa fimbo yake ya zamani ya chuma, namba 7, mshikio umechakaa kama kandambili. Msimu wa kilimo ulipofika nikapanda nayo basi hadi Malolo, na mipira 11 niliyookota kichakani. Vitunguu vikishavunwa, jaruba linakauka, linakuwa gumu na tambarare. Nikafagia kona moja, nikachimba shimo. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kama kopo la maziwa ya unga. Jioni baada ya shamba nasukuma mipira 100 kutoka hatua tatu, halafu 100 kutoka hatua sita. Usidhani kuchezea udongo ni aibu. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki zamani havikuwa na grini za nyasi, vilikuwa na mchanga uliochanganywa na oili, na waliocheza humo walikuwa wakubwa wa serikali ya mkoloni.

Kushika fimbo nako nilijifunzia shambani. Jembe unalikamata kwa nguvu. Fimbo ya gofu unaishika kama mche wa kitunguu unapouhamisha kutoka kitaluni: ukibana unavunjika, ukilegeza unaanguka. Ukishapiga, simama na mizani yako mpaka mpira utue. Kama unayumba, mwili umepiga kwa hasira.

Na asikudanganye mtu kwamba bila mwalimu wa kizungu huwezi. Afrika Kusini alikuwepo kedi mmoja wa Durban mwenye asili ya Kihindi, Papwa Sewgolum. Alishika fimbo kinyume na wenzake, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Kwa mshiko huohuo akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu, 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal nyumbani kwao, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua, maana ndani walikuwa wazungu na sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia. Mwaka 1965 akashinda tena, safari hii akimwacha nyuma hata Gary Player. Mimi nikinyeshewa na mkoba mgongoni namkumbuka huyo bwana, mvua inakuwa nyepesi.

Haya, tuje kwenye viwanja vigumu, vile vya mashindano makubwa. Ugumu wake si urefu peke yake. Kuna upepo, kuna mabanka ya mchanga, kuna maji, kuna grini zinazoteleza kama sakafu iliyopigwa nta. Wenye mchezo wamepima hata ugumu wenyewe: kuna kipimo kinachoanzia 55 mpaka 155, na uwanja wa kawaida unahesabiwa 113. Hata hali ya hewa inaingia kwenye hesabu. Nairobi iko juu sana, hewa ni nyepesi, mpira uliokwenda mita 140 Dar unaweza kupita 150 ukiwa Muthaiga au Karen. Na nyasi za kikuyu za kule zinang'ang'ania fimbo kama mtoto anayemlilia mama yake sokoni.

Viwanja hivyo si vya mchezo. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza 1967, na tangu 2019 yamo kwenye ratiba kubwa ya Ulaya. Seve Ballesteros mwenyewe aliyashinda 1978.

Lakini uwanja mgumu unataka nini hasa? Babu alikuwa na jibu. "Uwanja rahisi unakuuliza pigo lako zuri ni lipi. Uwanja mgumu unakuuliza pigo lako baya litalala wapi."

Mchukue Mfaransa Jean van de Velde. Carnoustie, Scotland, 1999, mashindano ya wazi ya Uingereza, limebaki shimo moja. Anaongoza kwa mapigo matatu. Anaruhusiwa kupiga sita na kombe ni lake! Hata kwa fimbo ndogondogo angefika. Yeye akapiga draiva, akapona. La pili akalenga grini kwa mbali, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye majani marefu. La tatu likaingia kijitoni. Akavua viatu na soksi akaingia majini, dunia nzima inamtazama. Akatoka, akaingia bankani, akamaliza kwa saba. Wakaenda kwenye mashimo ya nyongeza, na Paul Lawrie akabeba kombe.

Au nenda Augusta, Marekani, shimo la 12. Ni la mita 142 tu, kwa wale jamaa ni pigo dogo. Mbele kuna kijito, nyuma kuna mchanga, juu kuna upepo usiotabirika. Mwaka 2016 Jordan Spieth alikuwa anaongoza, akatumbukiza mipira miwili majini pale, akaandika saba. Mwaka 2020 Tiger Woods akaandika kumi. Kumi, Tiger! Hao si watu wasiojua kupiga. Ila shimo hilo pigo baya halina pa kulala.

Nikalipeleka somo hilo Malolo. Nikapanga mashimo tisa kati ya majaruba yaliyovunwa, na mifereji ikawa ndiyo mito yangu. Mpira ukiingia mferejini, ongeza pigo moja. Watoto wa kijiji wakawa makedi wangu, na kuku wa bibi wakawa watazamaji. Kila pigo najiuliza kwanza: nikikosea hapa, nataka mpira uwe wapi? Halafu ndipo napiga. Misimu miwili ya namna hiyo, daftari likatoka 98 likashuka 86.

Nyumbani sasa ngoma ikawa nzito. Baba mdogo aliniita jioni, ametulia na kikombe chake cha chai. "Mwanangu, hiyo fimbo inaliwa?"

"Hapana, baba."

"Inavaliwa?"

"Hapana, baba."

"Basi jembe linakungoja."

Mama hakugomba, na hapo ndipo ilipouma zaidi. Kulikuwa na nafasi Dar ya usaili wa makedi wanaotaka kuwa wachezaji wa kulipwa: siku mbili, mashimo 36, na mtu apige 80 au pungufu siku zote mbili. Ilikuwa wakati wa kuhamisha miche. Mama akasema, "Nenda baba. Lakini jaruba halikai tupu. Ukienda, nampa binamu yako alime." Jaruba ndilo lililokuwa linaninunulia viatu, na siku moja lingeniozesha mke. Nikalala nalo usiku kucha. Asubuhi nikapanda basi.

Siku ya kwanza nilipiga 83. Hapo nilikuwa nimeshatoka, lakini tuliruhusiwa kumaliza. Siku ya pili shimo la 16 lilikuwa la kuvuka maji, kama mita 150, bendera imewekwa ukingoni kabisa. Mwenzangu, kijana fundi kuliko mimi, akalenga bendera. Mpira wa kwanza majini. Wa pili majini. Mimi nikalenga kushoto, kwenye uwanda mpana wa nyasi, mahali ambapo hata mpira wangu mbaya ungelala salama. Nikapata nne, pigo moja zaidi ya kipimo, roho safi. Jioni kadi yangu ilisoma 79. Sikupita usaili. Lakini 79 niliipiga mimi, mkulima wa vitunguu, kwa fimbo tano za kuazima, wakati sheria inaruhusu 14.

Baba mdogo nilimpigia simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo umebakiza ngapi?" Nikamwambia kwa hesabu ya siku ya kwanza, matatu. Akasema, "Matatu si mengi." Jaruba liko kwa binamu mpaka leo, na analilima vizuri, simdai. Mimi nabeba mikoba, naandika haya unayoyasoma, na Jumatatu napiga.

Na wewe msomaji unayesema gofu si yako, sikiliza. Usinunue seti nzima. Anza na fimbo tatu za mtumba: namba 7, moja ya kuinua mpira karibu na grini, na moja ya kusukumia. Nenda kwenye klabu iliyo karibu nawe, uliza kiongozi wa makedi, uliza siku ya makedi ni ipi. Ukishaanza, tafuta handikapu. Hiyo ni ruhusa ya mapigo ya ziada, inafika mpaka 54, ili wewe mgeni uweze kushindana na fundi bila kuonewa. Mchezo gani mwingine una huruma hiyo? Kwenye ndondi ukipanda na bingwa, hakuna anayekupa ngumi za ziada.

Akina dada, nanyi msijifiche nyuma ya mlango. Madina Iddi wa Arusha amelichezea taifa na ameshinda mashindano nje ya nchi, na wenye vitambi wanampisha njia.

Usaili ukitangazwa tena nitakuwepo. Ukiniona kwenye basi nimekumbatia fimbo, usiogope, si mwizi wala mchungaji wa ng'ombe. Nisalimie tu, halafu uniulize: kosa lako leo litalala wapi? Wiki njema!