Pipa la Maji

Lami ikishika moto sawasawa haitoi moshi mwingi. Hutulia pipani, nyeusi, ikang'aa. Nyapara wa kikosi chetu cha viraka, ambaye sote tulimwita Mzee tu, alikuwa akichovya kijiti, anakiinua, anatazama jinsi uzi wa lami unavyorefuka na kukatika. Ukikatika mapema alisema, "Bado." Ukishuka mwembamba alisema, "Twendeni." Hakuwa na kipimajoto. Mwaka 1983, nilipoandikwa kibarua katika kambi ya ujenzi kandokando ya barabara ya TANZAM iendayo Zambia, upande wa Mikumi, hapakuwa na kipimajoto hata kimoja kambini, wala simkumbuki mtu aliyekiulizia.

Barabara ile ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zambia ilipohitaji njia ya bandarini isiyopita Rhodesia. Sisi tuliikuta imekwisha kukanyagwa na malori ya shaba na mafuta kwa zaidi ya miaka kumi, na nchi haina fedha. Wanaokumbuka mwaka huo wanajua: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, dizeli kwa kibali. Lami ilikuja kwa nadra. Ikikosekana tulijaza mashimo kwa kifusi chekundu, mvua ikaja ikakizoa, nasi tukarudi palepale na karai zetu. Kipande kinachokatiza hifadhi ya Mikumi tulikifanya kwa zamu: watu wanne wanapiga kazi, mmoja amesimama juu ya gari anaangalia tembo.

Na lami ilipokuwepo, tuliitumia vibaya. Leo nalisema bila kumficha mtu, kwa sababu mikono ilikuwa yangu. Tuliliacha shimo kama tulivyolikuta, la mviringo, kingo zimelegea, vumbi ndani, pengine na tope chini. Tulimwaga kokoto, tukamwaga lami juu, tukapiga kwa mgongo wa chepe, tukahamia la pili. Baada ya wiki tatu magurudumu yalikuwa yamekiokota kiraka kizima kikalala pembeni kama andazi. Tuliwalaumu madereva.

Mzee alijua zaidi ya kazi tuliyoruhusiwa kufanya. Alikuwa akitembea mbele ya gari asubuhi, anagonga lami kwa mpini wa sururu na kusikiliza. Mahali ambapo macho yangu hayakuona kitu, yeye alisimama na kusema, "Hapa pamekufa." Wiki mbili baadaye pangefunguka shimo. Nilimwuliza amejuaje. "Sikiliza, mwanangu. Palipo hai hapalii hivi." Hakusoma hata darasa moja. Alianza kubeba zege utotoni, wakati wa Mwingereza.

Masika ya mwaka 1986 tulikuwa na kijana mwenzangu, mtu wa Kilosa, hodari wa kuchochea moto. Mapipa ya lami yalilala nje usiku kucha, na moja lilikuwa limepoteza kizibo. Mvua ikaingia. Asubuhi tukalipandisha juu ya mafiga kama mapipa mengine, kuni zikawaka. Nusu saa hivi baadaye lami ilianza kuinuka. Iliinuka kama maziwa yanavyoinuka sufuriani, kwa haraka ileile, ila maziwa unayawahi. Sisi wengine tulikimbia. Yeye alikuwa ameinamia kuni upande wa pili. Ilimmwagikia mikononi na kifuani.

Alilia kwa sauti ambayo sitaieleza. Tulimlaza kivulini, na kwa huruma yetu yote tukaanza kumwondoa lami ile. Mtu alileta mafuta ya taa. Mimi nilishika kitambaa. Kila nilipofuta, ngozi ilifuata. Nilifikiri ninamsaidia. Hatua kumi na tano kutoka tulipomlaza, garini, palikuwa na pipa zima la maji yetu ya kunywa, lita 200, limejazwa asubuhi hiyohiyo. Hakuna aliyeligusa, isipokuwa kumchotea kikombe anywe.

Aliishi. Vidole vya mkono wa kushoto havikunyooka tena. Alirudi kwao Kilosa bila kitu mkononi, maana kibarua hakupewa fidia, na kwenye daftari la mahudhurio jina lake lilikatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu.

Mwaka 1991 ndipo nilipopelekwa Morogoro, kwenye kozi fupi ya matengenezo ya barabara. Serikali ilikuwa imeanza mradi mkubwa wa kufufua barabara kuu kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya wafadhili, na ilionekana wazi kwamba kujenga upya bila watu wa kutunza ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilichaguliwa kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Mzee hakuchaguliwa.

Nilikwenda nikidhani nitafundishwa kazi ninayoijua. Siku ya kwanza mwalimu alichora barabara iliyokatwa kama mkate, matabaka yakionekana, akatuuliza adui wa barabara ni nani. Tukasema malori. Akasema malori ni adui wa pili. Wa kwanza ni maji: yakipenya kwenye ufa, udongo wa chini unalegea, na hapo hata gari dogo linatosha kubomoa. Ndiyo maana ufa mwembamba unaozibwa leo unaokoa shimo la mwakani. Ndiyo maana kuzibua mtaro na kalvati ni kutengeneza barabara, ingawa kwa macho ya wapita njia wewe ni mtu wa kufyeka majani. Kuhusu malori alitupa hesabu ambayo sijaisahau: ekseli ikibebeshwa mzigo mara mbili, barabara huumia karibu mara 16.

Kisha kiraka. Chora mraba au mstatili unaozidi shimo, hadi ufike penye uzima. Kata kuta ziwe wima, maana kokoto zikikosa ukuta wa kuegemea husukumwa nje. Chimba mpaka chini pagumu. Fagia vumbi lote, kwa kuwa lami haishiki vumbi. Paka lami nyepesi chini na ukutani, jaza tabaka kwa tabaka ukishindilia kila moja, na mwisho acha kiraka kiinuke milimita chache juu ya barabara, magurudumu yatamalizia. Niliandika yote. Usiku bwenini nilihesabu miaka minane ya viraka vyangu vya mviringo.

Halafu akatoa kipimajoto. Alichemsha lami uwanjani, sindano ikapanda, na ilipokaribia nyuzi 160 akatuambia tuitazame ilivyo. Nilichovya kijiti. Uzi ulishuka mwembamba, sawasawa na ule ambao Mzee angeuona na kusema, "Twendeni." Nilitaka kumwambia mwalimu, nikashindwa pa kuanzia.

Somo la usalama lilikuja wiki ya tatu. Tone la maji likigeuka mvuke, alisema, hutanuka zaidi ya mara 1,600, na likiwa chini ya lami ya moto halina njia ila kuinua lami yote iliyo juu yake. Kwa hiyo pipa hukaguliwa kabla ya moto, na lenye maji haliwashwi. Na mtu akiungua kwa lami? Maji baridi, papo hapo, mengi, kwa muda mrefu. Lami iliyoganda usiibandue, hospitali wataishughulikia. Mafuta ya taa marufuku.

Nilitoka darasani. Mwalimu alinifuata nje akadhani naumwa.

Miezi kadhaa baadaye nilifanya jaribio la ufundi, daraja la tatu. Msimamizi alinionyesha shimo, akakaa kwenye jiwe na saa yake. Nilipomaliza alilaza rula ndefu ya chuma juu ya kiraka, akapiga magoti, akachungulia mwanga chini yake. Akauliza, "Kwa nini umekata mraba?" Nikajibu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, si kwa hofu yake.

Cheti kilipokuja, mshahara uliongezeka kidogo sana. Faida yake niliiona mwaka 1994, asubuhi moja ya mvua, tulipoambiwa tuwashe mapipa yaliyolala wazi kwa sababu mgeni kutoka wizarani alikuwa njiani. Nikasema hayawashwi. Kibarua akisema hivyo ni mkaidi, anatafutiwa mwingine kabla ya chai. Nilikuwa fundi mwenye daraja, na neno langu lilikuwa na karatasi nyuma yake. Mapipa hayakuwashwa. Watu huuliza cheti cha kuziba mashimo ni cha nini. Ni cha siku hiyo.

Tangu wakala wa barabara, TANROADS, uanze mwaka 2000, kazi nyingi hupewa wakandarasi, nao huajiri vijana wa vijiji vya karibu kwa wiki chache. Nikisafiri kwenda Iringa huwaona, wamevaa vizibao vinavyong'aa, na gari likisimama kituoni hushuka nikawaamkua. Huwauliza mambo mawili: kwa nini mnakata mraba, na maji yako wapi. Wengine wanajibu vizuri nikafurahi siku nzima. Wengine wananitazama kama nilivyokuwa mwaka 1983. Hao ndio wanaonikosesha usingizi, kwa kuwa kufundisha jambo hilo huchukua asubuhi moja.

Mzee hakuwahi kufanya jaribio. Niliomba mara mbili aulizwe kwa mdomo, apewe shimo na sururu, watu wamwone. Jibu lilikuwa kwamba lazima kuwe na cheti cha shule. Hilo sijalisamehe. Alistaafu kibarua, mtu aliyeisikia barabara ikifa kabla haijafa.

Jioni niliyorudi kutoka Morogoro nilimkuta ameketi nje ya kibanda chake. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akasema, "Haya, nisomee." Nilimsomea daftari lote. Penye mraba alitikisa kichwa taratibu, akisema aliwahi kuona Mwitaliano mmoja akifanya hivyo zamani. Penye nyuzi 160 alicheka. Nilipofika penye kuungua nilisita, kisha nikasoma.

"Maji gani?" aliuliza.

"Maji yoyote safi, Mzee. Hata ya kunywa."

"Yale ya kwenye gari."

"Ndiyo, Mzee."

Hakuuliza tena. Giza liliingia tukiwa tumeketi vilevile.

Asubuhi, kabla kuni hazijapangwa, alilishusha lile pipa garini likiwa bado tupu. Tulikimbilia kumsaidia akatuzuia kwa mkono. Alilizungusha kwa ukingo wake mpaka hatua kumi kutoka kwenye mafiga, akalisimamisha, akalijaza maji, akaweka ndoo juu yake. Alifanya hivyo kila siku ya lami hadi alipostaafu, na moto haukuwashwa mpaka atumbukize mkono ndani ya maji yale, ajue yamejaa.