Aliitwa Mwizi wa Mayai

Wenzangu wa ualimu, kabla hatujatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hebu sikieni kisa cha mnyama aliyeitwa mwizi kwa sababu tu ya mahali alipokutwa.

Mwaka 1923 msafara wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, New York, ulikuwa ukichimba visukuku katika jangwa la Gobi, Mongolia. Wakakuta mifupa ya dinosaria mdogo mwenye mdomo usio na meno kama wa ndege, fuvu lake likiwa juu ya kiota cha mayai. Mayai yale walidhani ni ya Protoceratops, mla majani aliyejaa eneo lile. Basi, mwaka uliofuata Henry Fairfield Osborn akampa jina Oviraptor, yaani mwizi wa mayai. Cha kushangaza, Osborn mwenyewe alitahadharisha kwamba jina hilo linaweza kupotosha. Lakini alishampa.

Jina likakaa miaka 70. Mwaka 1993 timu ya Mark Norell, huko huko Gobi, ikapata yai la aina ileile likiwa na kiinitete ndani. Kutazama mifupa yake, wala si Protoceratops, ni mtoto wa jamii ya Oviraptor! Akapatikana pia mkubwa wa jamii hiyo amekaa juu ya kiota, mikono ameizungusha kwenye mayai kama ndege anayeatamia. Kumbe yule "mwizi", kwa dalili zote, alifia kwenye mayai yake mwenyewe.

Hata ganda lina habari zake. Ukikata kipande chembamba ukakitazama kwa hadubini, unaona tabaka mbili za fuwele za chokaa: ndani ni vinundu vidogo vilivyopangana, juu yake tabaka iliyoshikamana. Mpangilio huo umo pia kwenye maganda ya ndege wa leo, ambao wengi wana na tabaka ya tatu. Kuna na vitundu vya hewa, maana kilichomo ndani lazima kipumue. Kuonyesha hilo darasani huhitaji maabara: tumbukiza yai la kuku kwenye maji ya moto, utaona vipovu vikitoka.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya mdogo wangu. Akiwa darasa la sita alikutwa karibu na kabati, chaki hazipo, mwalimu akamwita mwizi mbele ya wenzake. Kesho yake chaki zikaonekana chumba kingine. Jina halikuondoka. Aliitwa hivyo hadi anamaliza la saba, na kunyoosha mkono darasani aliacha.

Kwa kanuni za sayansi, jina la mnyama halifutwi eti kwa kuwa maana yake si kweli. Oviraptor atabaki mwizi. Yeye ni mifupa, haumii. Sisi tunakwenda kukabidhiwa watoto, darasa moja watu themanini, na majina ya haraka haraka yako mdomoni. Ukimkuta mtoto karibu na kabati, muulize kwanza alifuata nini.