Kijiko cha Kimea

Walimu wenzetu hutuuliza, likizo ikifika na fedha za kununulia vitu vya dukani hakuna, watoto wachangamshwe kwa nini? Jibu letu ni fupi: waiteni jikoni. Sisi na mama watoto tumejaribu mapishi mengi madogo yasiyo na gharama: kashata za karanga, mikate ya ndizi mbivu na unga wa mahindi, hata achari ya maembe mabichi. Katika hayo yote hakuna lililowafurahisha watoto kama kimea cha ulezi, nalo latosha kwa habari ya leo.

Twatwaa ulezi kibaba kimoja, twauloweka usiku kucha. Asubuhi twauchuja, twautandaza juu ya gunia safi lililoloweshwa, twaufunika kwa kitambaa chenye maji, na watoto hupewa zamu ya kuunyunyizia asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vyeupe vyaonekana. Mtoto wetu wa miaka 6, asiyependa kabisa kuamshwa kwenda shule, siku hizo huamka kabla ya jogoo aende kutazama. Vimizizi visiachwe kurefuka mno. Twauanika ulezi juani hata ukauke kabisa, twaufikicha kwa viganja mizizi itoke, twaupepeta, twausaga. Ukiona ukungu, hata kidogo, tupa wote.

Kisha waja mchezo wenyewe. Pikeni uji mzito, mzito hata mwiko usimame ndani yake. Uepueni, uacheni upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia, ndipo mtoto mmoja atie kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache uji walegea, nao wamiminika kama maziwa. Mara ya kwanza watoto wetu walishtakiana, kila mmoja akisema mwenziwe ametia maji! Onjeni: umekuwa mtamu, wala sukari haikutiwa. Maana mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya, kitu kinachokata wanga kuwa sukari ili mche upate chakula chake. Nasi twamwazima mche kazi yake. Wenye kupenda kuuliza na watie kimea katika uji mwingine ungali unatokota. Huo haulegei kama wa kwanza, kwa kuwa moto mkali hukiharibu kimeng'enya.

Walakini mchezo huu una jambo kubwa ndani yake. Tumbo la mtoto wa kilo 8 lachukua kama robo lita tu kwa mlo mmoja. Uji mzito humshinda kumeza, basi mama huongeza maji. Mtoto hushiba maji, na unga aliopata ni kidogo. Kimea hulegeza uji bila kupunguza unga. Wataalamu A. C. Mosha na U. Svanberg waliandika mwaka 1990 habari za uji wa namna hii kwa watoto wa kijiji cha Luganga, Iringa. Nayo haja haijaisha: hesabu ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Uji wa mtoto ukishalegea, urudisheni motoni uchemke tena, maana unga wa kimea haukupikwa. Na aliye chini ya miezi 6 aachiwe maziwa ya mama peke yake.

Lakini twajua kwa nini nyumba nyingi za Wakristo hazianiki ulezi ulioota. Mzee mmoja wa kanisa alipita uani kwetu, akauona juu ya mkeka, akasimama. "Mwalimu," akasema, "nanyi mmeanza kupika pombe?" Twamheshimu mzee huyu, na neno lake halikuwa la utani, pombe imezitia njaa nyumba tunazozijua, tena hapa hapa mtaani. Hata hivyo twaona si haki mbegu kushtakiwa kwa kosa la mtungi. Mama anayeogopa kuonekana na kimea humnyima mwanawe chakula ili majirani wasinong'one, na hasara hiyo hailipwi na majirani.

Basi tulimkaribisha mzee, tukampa togwa, yaani uji ule ule uliolegezwa kwa kimea, ukachemshwa, ukapozwa, ukatiwa togwa kidogo ya jana na kulazwa usiku mmoja hata ukaingia uchachu. (Sisi huimaliza siku ile ile, ikikaa siku nyingi huwa kali.) Akanywa kikombe, akaomba cha pili. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kama ulezi mweupe wafaa sawa na mwekundu, kwa kuwa yeye anao mweupe ghalani na mjukuu wake ana miezi 9. Tumeuloweka jana.