Nani Amekutuma?

Neno "ubunifu" limekuwa kama kitenge cha sherehe: linatolewa sandukuni wanapokuja wageni, na wageni wakiondoka linakunjwa na kurudishwa. Nimekaa katika semina nyingi za watumishi wa afya ambamo neno hilo lilitamkwa tangu asubuhi hadi chai ya jioni, posho ikalipwa, nasi tukarudi hospitalini tukakuta kila kitu pale pale tulipokiacha. Nilifanya kazi ya uuguzi serikalini kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo wote sikuona upungufu wa mawazo. Upungufu niliouona ni wa mahali pa kuyapeleka.

Nitoe mfano. Katika hospitali moja ya wilaya nilikofanya kazi, kliniki ya watoto ilikwenda kwa foleni. Aliyefika kwanza alihudumiwa kwanza, awe amebeba mtoto mwenye upele au mwenye degedege. Mhudumu mmoja wa wodi, mama wa makamo aliyeishia darasa la saba, alianza kupita kwenye mabenchi kila asubuhi kabla daktari hajaingia. Aliwagusa watoto paji la uso, akaangalia wanavyopumua, na wale waliolegea aliwafunga mkononi kitambaa chekundu alichochana kutoka shuka kuukuu, kisha akawasogeza karibu na mlango. Hakuna aliyemfundisha. Kwa majuma mawili hivi mambo yalikwenda vizuri, na akina mama, ambao mtu angedhani wangelalamika kupitwa, ndio waliokuwa wakimwonyesha: "Mama, mtazame na yule wa kule mwisho."

Kisha habari zikafika ofisini. Akaitwa, akaulizwa swali moja: "Nani amekutuma?" Hakuwa na jibu, maana hakutumwa na mtu. Shuka lilikuwa mali ya serikali, na kupanga wagonjwa haikuwa kazi ya mhudumu. Vitambaa vikaisha siku hiyo hiyo na foleni ikarudi kuwa foleni.

Sisemi kwamba kiongozi yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Shuka likipungua kwenye hesabu, mkaguzi huandika hoja, na mwenye kuijibu ni yeye. Lakini mtoto akifia kwenye benchi akisubiri zamu, hapakuwa na fomu ya kuuliza kwa nini. Leo jambo lile lile la kuwatenga kwanza walio mahututi linafundishwa rasmi, kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, walipopanga upya mapokezi ya watoto mwaka 2001, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 kwa mwaka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Kila nikikumbuka takwimu hizo namkumbuka yule mama na shuka lake.

Wapo watakaosema kwamba tatizo letu ni fedha, na bila fedha ubunifu ni maneno matupu. Fedha zinahitajika, nani atabisha? Lakini, ndugu msomaji, hebu tuangalie yaliyotokea Rufiji na Morogoro Vijijini. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha katika wilaya hizo mbili mradi ulioitwa TEHIP. Watafiti walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa akiumwa nini, kwa kuwa wengi wetu hufia nyumbani na hospitali haina habari. Ikaonekana kwamba Morogoro malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na ilhali bajeti ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Hakuna aliyekusudia kuwaonea wagonjwa wa malaria. Sisi tuliofanya kazi wilayani tunajua bajeti zilivyoandikwa: ya mwaka jana ilinakiliwa, ikaongezwa kidogo hapa na pale, ikapelekwa.

Timu za wilaya zilionyeshwa jambo hilo kwa michoro ambayo hata mtu asiye mtaalamu wa hesabu angeielewa. Zikapewa fedha kidogo za nyongeza, zisizofika dola 1 kwa kila mwananchi kwa mwaka, na ruhusa ya kuzipanga zenyewe. Zikaelekeza nguvu kwenye vyandarua na matibabu ya watoto. Katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sitaki kuupa mradi sifa zote, kwa maana mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Hata hivyo, nikiutazama sioni dawa ya ajabu wala mashine mpya. Naona watumishi wa wilaya walioonyeshwa hali halisi ya watu wao, halafu wakaachiwa kuamua.

Baadaye, mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mbinu iliyotoka viwanda vya Japani na kujaribiwa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka. Kwa Kiswahili ikapewa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengine waliicheka, wakisema tumeletewa elimu ya kufagia. Mimi naona busara yake ni kwamba inaanzia kwa aliye chini, kwa yule anayejua mkasi uko droo gani. Ila hilo la kwanza, kusasambua, lina mtihani wake kwetu. Kitanda kilichovunjika hakitupwi. Kina namba ya serikali, na mpaka kibali cha kukifuta vitabuni kitoke, kitakaa varandani na kuota kutu huku wagonjwa wakikizunguka.

Karibu na kustaafu nilihamia kituo kimoja cha afya ambako mganga mfawidhi alikuwa ametundika daftari la shule kwa kamba, pembeni ya dirisha la dawa. Mtumishi yeyote aliruhusiwa kuandika, hata mlinzi na mfagizi, na kila Ijumaa yeye alijibu kila mstari kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Majibu mengi yalikuwa "hapana", pamoja na sababu. Watu hawakununa, kwa kuwa walijibiwa. Mlinzi aliandika kwamba wajawazito wanaofika usiku hawaoni mlango wa wodi ya wazazi, taa ihamishwe. Ikahamishwa Jumatatu. Muuguzi mmoja akaomba chanjo zifanyike pia siku ya mnada, akina mama wanapokuwa mjini. Wakajaribu mwezi mmoja, wakaendelea.

Mganga yule alihamishwa, kama wanavyohamishwa wote. Daftari likabaki linaning'inia. Siku nilipostaafu lilikuwa halijajibiwa kwa miezi minne, na watu walikuwa bado wanaandika.