Simu chini ya mto wa mwanangu

Wiki iliyopita, nikitandika kitanda hapa Kilwa Masoko, niliikuta simu yangu chini ya mto wa mwanangu wa miaka mitano. Nilimpa mwenyewe aangalie katuni ili nimalizie kazi, akapitiwa na usingizi. Simu ilikuwa ya moto, mfuniko wa nyuma umenyanyuka. Betri imevimba.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu watoto wanaoungua jikoni. Kitandani sikuwahi kufikiria.

Betri ya lithiamu ikichakaa hutengeneza gesi ndani, ndiyo maana huvimba. Ukiitoboa au ukiendelea kuichaji, inaweza kulipuka moto. Niliizima, nikaiweka sakafuni, mbali na godoro.

Fundi wa kwanza alitaja bei nafuu. Nikamuuliza, betri utakayoweka iko wapi? "Dada, wewe niachie tu, urudi jioni." Nikaondoka. Shoga yangu akanishauri niitume Kariakoo kwa basi. Betri iliyovimba, ndani ya basi lenye abiria, karibu kilomita 300? Hapana.

Fundi wa pili alikuwa ghali zaidi. Lakini alinionyesha betri mpya, akalinganisha namba yake na ya zamani, akafungua simu mbele yangu na kuitoa taratibu bila kuichokonoa. Risiti akaandika dhamana ya miezi mitatu. Nikalipa bila kinyongo.

Mzazi mwenzangu, usiku wa leo kabla hujalala, pitisha mkono chini ya mto wa mtoto.